Alama ya Korosho

Kafedha, jirani wa Kahaso, aliapa kwamba mke wa Katana alivuka feri ya Likoni kwa alama ya korosho. Hakuchanjwa hata siku moja, wallahi. Alivunja ganda la korosho mbichi, akajipaka mafuta yake begani, ngozi ikaungua, ikafanya kovu la mviringo. Yule bwana wa chanjo pale kivukoni akatazama, akasema, "Pita."

"Na chai akamkaribisha?" Kahaso aliuliza.

"Nifanyie mzaha tu. Mwaka huu wa ndui, mwanangu, mkono ndio pasi. Msafiri asiyechanjwa havuki."

Kahaso hakuwa na moyo wa mzaha. Kache, mwanawe wa pekee, wa miaka minne, alikuwa ng'ambo, mgonjwa, na leo ni siku ya tisa. Mtoto yule hapati usingizi asiposhika sikio la mamake. Tangu siku alipochukuliwa, Kahaso naye hajapata usingizi.

"Kachanjwe basi, ni bure," Kafedha alisema.

"Wanataka kidonda kikae siku nane, mama. Nane! Siku nane nitakuwa nangojea nini?"

"Hata korosho yataka subira. Ipe siku nne, tano, ikauke, ndipo ifanane na chanjo."

Kahaso alikuwa ameshaanza kuvunja. Alivunja korosho saba.

"Saba za nini? Alama ni moja tu, begani!"

"Isiposhika ya kwanza."

Kafedha akaenda zake. Hawezi kutazama mtu akijiunguza.

Kesho yake asubuhi Kahaso aliteremka kutoka Mtongwe hadi kivukoni, amejitanda leso mpaka machoni, ameuma meno. Ngozi ilimwaka. Kafedha alimfuata nyuma akihema.

"Rudi, mwanangu! Bado mbichi hiyo! Utakamatwa!"

Kahaso hakugeuka. Aliingia kwenye foleni.

Mwenye kukagua siku hiyo alikuwa Nicanor, kijana wa bara, mgeni wa miezi miwili. Korosho aliijua ikiwa imekaangwa.

"Mama, mkono. Haraka."

"Hata shikamoo hakuna?" mzee mmoja alimtania. "Huko kwenu salamu hulipiwa kodi?"

Watu wakacheka. Kahaso akatoa mkono. Nicanor alisogeza leso, mara akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Malengelenge yalikuwa yametuna maji, begani, kwenye kiwiko, hata kiganjani. Kwa ncha ya fimbo akaivuta ile leso ya kichwani. Usoni vilevile.

"Ndui!"

Foleni ikasambaratika. Yule mzee alikuwa wa kwanza kukimbia. Kafedha akafungua kinywa atangaze habari ya korosho, Kahaso akamkata jicho, naye akakifunga.

Walimpakia kwenye lori peke yake. Lilivuka na feri, likapita kisiwani, likapanda mpaka nyuma ya Changamwe, kwenye mabanda ya wagonjwa wa ndui yaliyozungushiwa seng'enge. Nje ya lango waliketi akina mama, mafurushi mapajani, waliozuiwa kuingia kwa kuwa ni wazima. Mmoja alimtazama Kahaso usoni, akajifunika macho.

Lango lilifunguliwa, lori likaingia, lango likafungwa.

Muuguzi, Rosalia, alisimama mbali kidogo na kalamu yake.

"Umewahi kuchanjwa?"

"Sijawahi."

"Maskini. Jina?"

"Mimi mamake Kache," Kahaso alisema. "Yule mtoto mliyemchukua Mtongwe, siku ya kumi leo. Nilazeni kwake, dada."

Rosalia alishusha kalamu, akayatazama tena yale malengelenge.

"Hata kitanda kimoja kitatutosha," Kahaso alisema.