Unga Usiotibu Kitu

Ujumbe kutoka namba ngeni uliingia Abdulatif akianika ndizi kwenye mkeka. "Kaka, unga wako unatibu kifua kinachobana?"

Abdulatif akacheka peke yake. Mtego huo!

"Hautibu kitu," akajibu. "Ni ndizi za Kinole tu, zimekaushwa zikasagwa. Pikia uji."

Zamani asingejibu hivyo. Zamani unga wake ulitibu presha, kisukari na hata ugomvi wa ndoa, na matangazo yake mtandaoni yalifika mpaka Mwanza. Ndipo alipokuja Bi Joyce, mkaguzi wa vyakula, akaketi kwenye kigoda cha Chausiku, mkewe Abdulatif, akasema kwa upole wa kutisha kwamba chakula si dawa. Likionekana tena neno la kuponya, liwe lake au la mteja anayemsifia, mashine ya kusagia inatiwa kufuli. Na nyumba nzima ilikula kwa mashine ile.

Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo Abdulatif aliona wakaguzi kila mahali, na huyu wa namba ngeni hakuwa na haya hata kidogo.

"Niuzie pakiti moja nijaribu, kaka. Mkono wa kushoto nao unakufa ganzi."

"Sikuuzii. Nenda hospitali."

"Hospitali foleni ndefu. Unga wako je?"

"Nenda leo hii! Na unga wangu usiuguse!"

Chausiku alichungulia simu, akasonya. "Umefukuza mteja."

"Mteja gani? Huyo Bi Joyce huyo. Ananipima."

Wiki iliyofuata Bi Joyce akapiga hodi. Abdulatif alimkaribisha kwa tabasamu la mtu aliyefaulu mtihani, akamsogezea kigoda, akampa simu asome mwenyewe. Bi Joyce alisoma mpaka mwisho bila haraka.

"Umejibu vizuri sana," akasema. "Ila namba hii si yangu."

Kisha akafungua mkoba, akatoa kufuli jipya, na simu yake. Kwenye video iliyokwisha kutazamwa na nusu ya nchi, mwanamume mmoja wa Dakawa alikuwa amelala kitandani hospitalini, akilia kwa furaha.

"Madaktari wanasema ningechelewa kidogo tu, moyo ungesimama. Jamani, nunueni unga wa Abdulatif! Mimi umeniponya, na wala sijauonja."