Chuo cha Kumfaa Tupokigwe

Gari jeupe lilipoingia getini, wanafunzi wote waliokuwa uani walisimama wakaliamkia. "Shikamoo!" Vioo vilikuwa vimepandishwa. Mkuu wa chuo mwenyewe hakuwamo, alikuwa safarini Mbeya kushughulikia kustaafu kwake. Ndani alikuwamo dereva peke yake, tena kijana mdogo, naye akaitikia kwa honi.

Mzee Lwitiko, mkoba kwapani, alisimama kando ya geti kwa hasira. Ameamka alfajiri kule Mbebe, ameteremka milima yote ya Ileje mpaka Tunduma, kumbe anakuja kuona watu wazima wakiamkia bati!

"Hapa wanafundwa, baba," alisema Mwanamvita, matroni wa chuo hicho cha afya, mama mcheshi mwenye lafudhi ya Tanga. "Unamtafutia binti chuo?"

"Ndiyo, mama. Tupokigwe, mwanangu wa pekee. Vyuo vitatu humu mjini vimempa nafasi, na Jumatatu anatakiwa kuripoti. Leo hii nimpe jibu. Majengo ameyaona kwenye simu. Mimi kanituma niangalie watu."

"Masomo anayaweza?"

"Huyo? Kasoma mpaka macho yamechoka."

"Sasa wasiwasi wako nini?"

"Wasimharibu."

Mwanamvita akacheka, akampiga kikofi begani. "Ondoa hofu, baba. Geti tunafunga saa kumi na mbili. Muziki hakuna. Mkuu akipita, hata kukohoa hakuna. Mabinti hapa hawaharibiki."

"Mama, huko kutokukohoa ndiko kutakakomharibu," alisema mzee, akaaga.

Hakuwa mtu wa kusahau. Mwaka wa vita vya Kagera alifukuzwa chuo cha ualimu kwa kuuliza, mbele ya watu, kwa nini unga wa wanafunzi una wadudu na wa mkuu hauna. Kuuliza tu! Sura ya mkuu yule bado anayo kichwani, na suruali yake ya kaki, na tumbo lilivyokuwa limeanza kumtangulia njiani. Tangu hapo alijisomea mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia sukari, na jambo moja lilimkaa: ukimweka mtu mwema mahali ambapo hakuna wa kumbishia, mwaka hauishi ameshaoza.

Chuo cha pili, cha mambo ya forodha, kilikuwa ghorofani karibu na mpaka, juu ya duka la matairi. Huko hakuna aliyemwamkia mtu. Darasa zima lilikuwa kwenye simu, linauza. Huyu vitenge, yule mchele, mwingine kavuka Nakonde, upande wa Zambia, kufuata mzigo na mwenzake kamwitikia jina. Mwalimu naye alikatisha somo kupokea oda ya viatu.

"Karibu, bosi!" Kijana mmoja, Abdulrahim, alimvutia kiti. "Mwanao akija hapa hatoki mikono mitupu."

"Mkionewa je? Mtu kafelishwa kwa makusudi, mnafanyaje?"

Abdulrahim alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgeni aliyepotea stendi. "Bosi, kwani kuna kisichoongeleka? Tunaongea."

"Na mwalimu?"

"Naye anaongea."

"Mkuu wa chuo?"

"Ah, bosi! Huyu anayetuhama ndiye mwongeaji mwenyewe."

Mzee alishuka ngazi akisonya. Tupokigwe aje hapa? Angeripoti Jumatatu, Ijumaa angekuwa na duka!

Cha tatu kilikuwa cha kilimo, pembezoni mwa mji, ukitoka kama unakwenda Vwawa. Kelele alizisikia kabla hajaliona bango. Alizifuata mpaka bwalo la chakula. Msichana mfupi alikuwa amesimama juu ya benchi, kidole kimemwelekea mtu wa stoo.

"Songwe inalisha watu mpaka nje ya nchi, sisi wa chuo cha kilimo tunapikiwa unga uliovunda? Unatuona mbuzi?"

"Na wewe, rais wetu!" sauti ilipasuka kutoka nyuma. "Nyama ya Jumapili ulichukua mara mbili! Tulikuona, Ferista!"

Bwalo lote likaangua kicheko. Ferista hakununa. "Kweli, nilichukua. Jumapili ijayo ninyimeni. Haya, turudi kwenye unga!"

Meza zikapigwa. Mzee Lwitiko alijikuta naye anapiga, mkoba umeanguka chini, hana habari.

Mambo yalipotulia, mtu wa stoo akiwa ameshaagiza unga mwingine, Ferista alimfuata. "Shikamoo, babu. Unamtafuta nani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mkuu wenu yuko wapi?"

"Kwa sasa hatuna. Wa mwisho aliondoka mwezi uliopita."

"Kafanyaje?"

"Tulimuuliza maswali."

Mzee alichomoa simu pale pale. "Tupo, mwanangu, nimepata. Wajibu watu wa kilimo."

"Wanafunzi wakoje, baba?"

"Hawana adabu hata chembe."

Kikaja kicheko cha mtu aliyezoea kushindwa na mzazi. "Umechagua kwa moyo wako, baba, siyo kwa wangu."

"Kwa wako. Utaninunia miezi sita, halafu utanishukuru."

"Haya, baba. Nawajibu sasa hivi."

Ferista alikuwa ametega sikio bila kificho. "Kumbe unatuletea mwenzetu! Anakuja kusoma nini, babu? Tumshikie kitanda bwenini kwetu?"

"Asante, mjukuu wangu, lakini yeye atalala kwenye nyumba ya mkuu wa chuo," alisema Mzee Lwitiko, akiinama kuokota mkoba. "Akishuka tu Jumatatu, anzeni naye maswali."