Ngoma Mlangoni kwa Mwalimu Ngwali

Msafara wa kombe ulipofika kwenye nyumba yenye mlango wa bati, Tatu aliacha kupiga ngoma.

Katika mji ule, ngoma ya mashabiki hunyamaza mbele ya nyumba yenye msiba tu. Kwa hiyo wimbo ukakatika, na wanaume wakavua kofia.

"Kafiwa nani?" mwenyekiti wa klabu aliuliza kutoka juu ya gari.

"Hakuna aliyefiwa," Tatu alisema. "Hapa anakaa Mwalimu Ngwali."

"Mama, huyo tulimwachisha kazi tangu mwezi wa tatu. Kombe limeletwa na kocha mpya. Piga ngoma twende."

"Huyo mpya kaikuta timu imeshaiva, yeye kapakua tu. Miaka sita nimekaa kwenye jukwaa lile la mbao, mwanangu. Nimemwona Ngwali akiwafundisha hawa kupiga pasi wakiwa peku. Sipigi."

Watu walicheka, kisha wakatulia, kwa sababu mlango wa bati ulikuwa unafunguka. Mzee alitoka na povu la sabuni mikononi, akashangaa kuona mtaa mzima umesimama kimya.

"Kuna nini, jamani?"

Nahodha wa timu aliruka kutoka garini na kombe mkononi. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, akamnyooshea.

Mzee hakulipokea mara moja. Alifuta mikono kwenye shati, kiganja kimoja, kisha kingine, polepole, kama anayejiandaa kumpakata mtoto mchanga. Tatu alikuwa ameinua vijiti juu ya ngoma, akisubiri.