Chupa ya Chande

Siku hizi kila chupa ya plastiki iliyoopolewa baharini hurudishwa nyumbani kwa aliyeinunua, naye hukaa nayo maisha. Somoe alikwisha kuchoka. Chumba cha wageni kilijaa hadi darini, na magunia yalikuwa yameanza kubanana na kitanda chake na Mfaume, mumewe wa pili.

Alhamisi ile mama wa mizigo alipiga hodi akiwa na chupa moja tu.

"Ya Chande Likwata, dada. Anwani yake bado ni hapa."

"Huyo ni marehemu mume wangu. Alizama miaka saba iliyopita," Somoe alijibu, akanyoosha mkono kwa mazoea. Chupa za Chande alizizoea, zote kuukuu, zimepauka kwa chumvi.

Hii ilikuwa inang'aa. Akasoma lebo: ilinunuliwa Pemba mwezi uliopita, kwa alama ya kidole cha Chande.

"Mashine zenu huwa zinakosea?"

"Hazijawahi, dada."

"Nani huyo?" Mfaume aliuliza kutoka jikoni.

"Mzigo tu," alijibu Somoe. Akafunga mlango, akabaki amesimama ukumbini na chupa mkononi, asijue aiweke wapi.