Mita Mia Moja

Zilibaki mita mia moja, na Sindano alikuwa amekaa chini katikati ya barabara kama mtu aliyefika nyumbani kwake.

Kamba iliyowafunga mkono kwa mkono ilimvuta dada yake, nusura naye aanguke. Ngano akainama, akaweka sawa miwani yake ya jua, akamshika mdogo wake kwapani.

“Simama, mdogo wangu.”

“Miguu imekataa, Dada.”

“Ibembeleze.”

Huo ulikuwa utani wao wa miezi minane, tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Sindano alikuwa fundi cherehani, mwembamba kama jina lake la utani. Ngano alikanda unga kwenye kiwanda cha mikate. Leo utani haukumchekesha yeyote.

Walikuwa wameanza alfajiri. Kilomita mbili za kuogelea ziwani, kamba ikiwa pajani ili wasipotezane katika mateke ya watu. Kilomita tisini za baiskeli ya viti viwili, Sindano mbele, Ngano nyuma, kwa kuwa mapaja yenye nguvu yalikuwa yake. Kwenye mlima wa kwanza Sindano alimwambia asukume vizuri, maana yeye leo amekaa kama bibi harusi. Kisha kilomita ishirini na moja za kukimbia, jua likiwachoma visogo. Saa kumi kamili honi ingelia kwenye mstari wa kumalizia, na ambaye hajauvuka angeandikwa kuwa hakumaliza.

Kwa Ngano, kutomaliza kulikuwa na maana moja: kubaki kwa mama. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Kila asubuhi mama alimpeleka kazini akiwa amemshika mkono, jioni akamfuata, na mezani akamkatia nyama sahanini mbele ya wageni. Mwenye kiwanda alikuwa amempa chumba nyuma ya tanuri, chenye mlango wake mwenyewe. Mama aliuchukua ufunguo, akautia mkobani. Ngano alipoudai, mama alicheka, akasema atampa siku atakapomaliza yale mashindano ya ziwani. Kesho yake Ngano alikwenda kujiandikisha.

Na mwaka ujao haukuwapo. Wiki inayofuata Sindano alikuwa anahama na mumewe, safari ya siku mbili. Ngano alikwisha kuuliza kiwanda kizima nani angekimbia naye. Kila mmoja alikumbuka kazi aliyoiacha jikoni.

“Dakika saba,” kipaza sauti kikasema kule mstarini.

Ngano alivuta. Sindano akainuka, akapiga hatua tano, akatapika povu, akarudi chini.

“Ulikunywa maji?”

“Nilikunywa.”

Ndivyo alivyojibu kila kituo cha maji. Walikuwa miongoni mwa wa mwisho, wahudumu walikuwa wanakunja meza, na mara tatu Sindano alirudi na kikombe kimoja. Alikitia mkononi mwa dada yake akisema chake ameshamaliza.

Mwanamume mmoja akawapita akichechemea, akihema kama mbwa. “Mwache apumzike, dada. Wewe nenda,” alisema bila kusimama.

Ngano alipiga magoti, akamwomba mdogo wake kwa jina la marehemu baba yao. Halafu akamtukana. Akamwita mvivu. Akamwambia anakwenda kustarehe na mume na kumwacha yeye aoze kwa mama. Kisha akamshika mashavu, na yalikuwa makavu, yana moto kama bati lililotoka tanurini. Sindano alikuwa analia, lakini mikono ya Ngano haikulowa.

“Dakika nne.”

Akamtia mgongoni. Hatua kumi na mbili alizihesabu. Ya kumi na tatu goti lilikunjika, wakaanguka wote wawili, wakaviringika. Kelele za watu mstarini, zilizokuwa zikiwaita tangu kona ya mwisho, zikakatika ghafla. Hata kipaza sauti kikanyamaza.

Wahudumu wa huduma ya kwanza wakaja mbio na machela. Mmoja alimfunua Sindano kope, akamgusa midomo.

“Huyu hajapata maji tangu asubuhi,” akasema. “Midomo imepasuka yote hii, wewe hukuona?”

Ngano alipeleka vidole kwenye midomo ya mdogo wake, akaipapasa mipasuko.

Mhudumu akaikata kamba kwa mkasi. Sindano alipolazwa kwenye machela alinyoosha vidole, akagusa hewa. “Dada yangu,” alinong'ona. “Msimwache dada yangu.” Wakamwambia atulie, asipoteze nguvu.

Mhudumu yule alikuwa amekwisha kuinua machela alipomwonea huruma huyo mwingine, aliyebaki amepiga magoti barabarani, damu ikimtoka gotini.

“Usilie, dada. Bado una dakika nzima. Barabara imenyooka, mstari ule pale. Kimbia.”

Wakaondoka na machela mbio. Mstarini watu wote walikuwa kimya, macho yao kwa mgonjwa.

Ngano akasimama. Alinyoosha mkono wenye kipande cha kamba, akapapasa mbele yake, kisha kushoto, kisha kulia.

“Upande gani?” akauliza.

Hakuna aliyemsikia. Akachagua mwenyewe, akakimbia, na jibu likamfikia baada ya dakika moja, kutoka nyuma yake: honi.