Kizungu cha Kumshitaki Mganga Mfawidhi

Darasa zima lilirudia maneno ya mwalimu. Yeremia peke yake alifumba mdomo.

Neno lenyewe lilikuwa "take". Mwalimu Hellen, binti anayesoma chuo kule Butimba, alishawaonyesha jinsi Wazungu wanavyolituma kila mahali kama mtumishi wa nyumbani. Kumeza dawa, "take". Kupiga picha, "take". Kuchukua gari, hilo hilo. Yeremia aliyashika yote upesi. Lakini walipofika "take the blame", yaani kubeba lawama, akageukia dirishani.

Hellen akamwacha. Kila mtu katika ukumbi ule wa kanisa, hapa Mirongo, alijua mzee ana jeraha. Ijumaa wafadhili kutoka Ulaya wangetembelea kituo cha afya, na yeye alitaka kuwaambia kwa kinywa chake mwenyewe. Mkalimani ni wa wakubwa, na wakubwa wanalindana. Mkewe, Evelina, alibanwa na pumu, akaandikiwa rufaa, gari la wagonjwa likakosekana. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo hicho, alikuwa amelitoa likabebe soda za harusi ya shemeji yake. Evelina alikata roho kwenye benchi, anasubiri gari. Wiki ya mazishi Yeremia akaacha na kazi, na mfawidhi bado yuko pale pale, ananenepa.

"Haya baba, sentensi yako," alisema Hellen.

"The boss take the car. My wife die."

"Took. Died," Hellen akamrekebisha, taratibu.

Yeremia akarudia. Bosi alichukua gari, mke wangu akafa. Safari hii ilinyooka. Wenzake wakampigia makofi. Yeye hakucheka.

Barabarani king'ora kikapita kikielekea mjini. Yeremia akaziba masikio mpaka kikaisha.

Hapo ndipo Mama Sabina, mpishi wa sherehe, alipoingia akihema, mwanafunzi mpya, tena amechelewa. Akaomba radhi, akavuta kiti kando ya mzee, akamtazama. Uso ukamchangamka.

"Kumbe na dereva wetu yumo humu," alisema. "Mnamwona huyu? Kwenye harusi ya shemeji wa daktari, Kiseke, alishusha soda, tukamnyima ruhusa ya kuondoka. Mwenyewe naye akanogewa. Katupigia king'ora, tumecheza mpaka giza."