Nusu ya Doto

Nyamizi alikuwa amekaa kwenye benchi la kliniki, mwanawe Kulwa, mmoja wa pacha wake wawili, mapajani. Homa ilikuwa imerudi. Kulwa alikuwa kwenye utafiti, ule wa dawa mpya ya watoto ambao kinga yao ya mwili ni dhaifu, na Sista Tunu alikuwa ameshaleta majibu ya damu.

"Mama Kulwa, dawa kwenye damu ni kidogo mno. Anameza kweli?"

"Anameza, sista."

"Kijiko kizima?"

Hapo mama wa watu akamfuta Kulwa jasho la homa kwanza. Maana pacha, jamani, ukimpa mmoja hata kipande cha muhogo, mwenzake naye apate, la sivyo anaugua kwa kinyongo. Ndivyo tulivyokuta kwa wazee.

"Nusu," akasema. "Nusu nyingine nampa Doto."

"Doto si mzima?"

"Mzima. Anacheza mpira huko nyumbani."

Mama mmoja kwenye benchi akaguna. Nyamizi akavuta kanga mpaka usoni. Afadhali angegombezwa, lakini Sista Tunu wala hakumgombeza. Alimimina tu dawa, kijiko kikajaa, akamkabidhi.

"Mpe yote, mama. Doto haihitaji hii, Kulwa ndiye anayeihitaji."

Akampelekea mtoto mdomoni. Kulwa akanywa, akafika nusu, akafunga mdomo. Kisha, kwa kidole, akakisukuma kijiko taratibu upande wa pili wa mapaja ya mama yake, pale pasipokuwa na mtu.